Mfupa Ukivunjika Lodwar: Daktari Huunga, Muuguzi Hulinda

Ajali haina kinga, na wala haichagui mahali. Lakini mahali pakiwa mbali na hospitali kubwa, mfupa uliovunjika hugeuka kuwa jambo jingine kabisa. Wengi katika jamii yetu ya Pwani wana mtoto, mkwe au jirani aliyepelekwa Turkana kikazi: mwalimu Lodwar, dereva wa lori la Kakuma, muuguzi au mfanyakazi wa shirika kambini. Simu ikija usiku kwamba fulani ameanguka na pikipiki, swali la kwanza huwa ni "yuko hai?" Akishajibiwa kuwa yu hai, mtu hushusha pumzi na kusema, "Basi mguu tu, utapona."

Hilo la "mguu tu" ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Mguu unaweza kuvunjika ukapona ukawa kama haukuguswa. Unaweza pia kukatwa, na sababu ikawa si ajali yenyewe, ila saa sita zilizofuata. Baina ya mambo mawili hayo amesimama mtu ambaye hatumtaji sana: muuguzi.

Tuanze na jiografia

Kaunti ya Turkana ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 68,000, na katika sensa ya 2019 ilihesabiwa kuwa na watu 926,976. Hospitali kuu ya rufaa ya kaunti iko Lodwar. Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni kiasi cha kilomita 120, na mbele yake kuna Lokichoggio karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Upande wa kusini, kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu kilomita 300. Kama jeraha linahitaji Hospitali ya Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret, ongeza nyingine 70. Mtu wa Kisauni au Likoni aliyezoea kuilalamikia foleni ya feri atafakari hapo: mgonjwa mwenye paja lililovunjika, jua la nyuzi 35 na zaidi, na safari ya siku nzima ndani ya gari.

Kwa hivyo huko, kazi kubwa ya kuuokoa mguu haingoji daktari bingwa. Huanza barabarani, ikaendelea mapokezi na wadini, na mara nyingi ikaishia nyumbani kwa mgonjwa. Majeraha yenyewe ni ya namna nyingi: bodaboda kwenye mchanga na lami, malori yaliyopinduka, watu walioanguka kutoka kwenye ngamia au punda, na risasi za wizi wa mifugo katika mipaka ya kusini ya kaunti. Kwetu Pwani tuna ya kwetu: mkwezi aliyeteleza kwenye mnazi, na watoto wanaoanguka miembeni kila msimu wa maembe. Mfupa ni ule ule, na kanuni za kuuguza ni zile zile.

Saa ya kwanza: kabla ya hospitali

Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda aliyegongwa kwenye barabara ya Kakuma, muundi wake umevunjika na kipande cha mfupa kimetoboa ngozi. Watu wamejaa. Mmoja anataka kuunyoosha mguu, mwengine analeta majivu ya kuzuia damu, wa tatu ameshawasha pikipiki ampakie katikati kama mshikaki.

Wote wana nia njema na wote watamdhuru. Muuguzi angefanya hivi, na wewe unaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwanza angalia uhai kabla ya mfupa. Je, anapumua vizuri? Damu inamwagika? Bonyeza panapovuja kwa kitambaa safi, usiache. Mfupa wa paja ukivunjika, hata bila ngozi kupasuka, lita moja ya damu au zaidi inaweza kumwagikia ndani ya msuli, na mgonjwa akazimia bila hata tone kuonekana nje. Nyonga ikivunjika, hupotea zaidi.

Pili, usiurudishe ndani mfupa uliotokeza. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi. Usitie majivu, kahawa, kinyesi cha mnyama wala dawa ya meno. Vitu hivyo ndivyo vinavyopanda pepopunda na usaha ndani ya mfupa, na usaha wa mfupa unaweza kumsumbua mtu miaka.

Tatu, funga gango. Banzi la mbao, katoni iliyokunjwa, hata upapi wa kuti unafaa. Siri ni moja: gango lishike kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika. Muundi ukivunjika, goti na kifundo vyote visicheze. Mkono uninginize shingoni kwa leso. Vua pete, bangili na viatu mapema, kabla kiungo hakijavimba. Kisha shika vidole: viko joto? Anahisi ukivigusa? Hakikisha hivyo kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Vikiwa baridi baada ya kufunga, basi umekaza mno, legeza.

Nne, ukishuku shingo au uti wa mgongo, asiinuliwe mabega na miguu kama gunia. Ageuzwe kama gogo, kichwa na mwili kwa pamoja, watu watatu au wanne, na alazwe juu ya ubao au mlango.

Mapokezi: muuguzi anatafuta nini?

Kijana wetu amefika. Wengi hudhani kazi ya muuguzi hapo ni kuandika jina na kungoja daktari. La. Anapima pumzi, mpigo na presha, anaweka dripu, anatoa dawa ya maumivu. Kwa mfupa uliotoboa ngozi, saa ina maana kubwa: antibiotiki zinatakiwa ziingie mwilini mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, pamoja na sindano ya pepopunda. Mashine ya eksirei ikiwa na foleni, antibiotiki haina haja ya kungoja foleni hiyo.

Halafu kuna uchunguzi ambao mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mapema na hapaswi kuusahau mpaka anastaafu. Chini ya jeraha aangalie mambo matano: maumivu, rangi ya ngozi, mpigo wa mshipa, ganzi, na uwezo wa kutikisa vidole. Aandike, na saa aandike pia. Baada ya saa moja arudie.

Na hapa lugha ni sehemu ya tiba. Muuguzi aliyetoka Pwani akamuuliza mzee wa Kiturkana kwa Kiswahili cha haraka, "unahisi ganzi?", mzee anaweza kuitika kwa adabu tu. Kujua kusema "ejoka" ni mlango mzuri, lakini kwa swali la ganzi tafuta mkalimani, hata kama ni mfagiaji wa wadi.

Adui anayejificha: msuli kubanwa

Jambo hili ningependa kila nyumba ilielewe. Misuli ya mguu na mkono imefungwa ndani ya ala ngumu zisizopanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa ndani ya ala hiyo. Ikiwa juu yake kuna plasta ya kubana au magango yaliyokazwa kwa kamba, presha hupanda mpaka damu haipiti kwenye mishipa midogo. Msuli unaanza kufa. Baada ya kiasi cha saa sita, kilichokufa hakirudi.

Dalili yake ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha: mgonjwa amepewa dawa lakini analia zaidi, na ukimnyoosha vidole polepole anaruka kitandani. Watu hungoja mpigo upotee ndipo washtuke. Mpigo ukipotea, kwa kawaida umeshachelewa.

Muuguzi anayejua kazi yake hamwambii mgonjwa huyo "vumilia". Humwita daktari papo hapo, na plasta hupasuliwa kwa urefu wake wote pamoja na pamba ya ndani, mpaka ngozi ionekane. Mguu ulazwe usawa wa moyo, usiinuliwe juu zaidi. Isipotosha, mgonjwa huingizwa chumba cha upasuaji ala zipasuliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni mguu wa mtu.

Waganga wa kuunga mifupa

Hapa sitaki kumkebehi mtu. Pwani tuna waganga wa kuunga mifupa, Turkana wako, na karibu kila pembe ya Afrika Mashariki wako. Watu huwaendea kwa sababu wako karibu, bei yao inaeleweka, na wanazungumza lugha ya mgonjwa. Mivunjiko mingi midogo hupona mikononi mwao, kwa sababu mfupa uliotulia hupona wenyewe.

Tatizo ni mawili: kukanda na kukaza. Kumkanda kwa mafuta ya moto mtu aliyevunjika ni kuzidisha damu na uvimbe, na kuzisukuma ncha za mfupa kwenye mishipa. Kukaza magango, hasa kwa mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko, kunaweza kumwachia mkono uliokunjika kama ukucha maisha yake yote, au donda ndugu linaloishia kwenye msumeno. Mganga mwenye hekima ni yule anayeangalia vidole kila mara na kusema, "Huyu mpelekeni hospitali." Hospitali yenye hekima nayo ni ile inayomwita mganga huyo ikamfundisha dalili hizo, badala ya kumtukana mbele ya wagonjwa wake.

Somo la Lokichoggio

Turkana ina historia yake katika jambo hili, na ni historia ya kujivunia. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding huko Lokichoggio kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Ndege zilileta majeruhi, wengine wakiwa na majeraha ya siku nyingi. Hospitali ilikua ikawa na mamia ya vitanda na karakana ya kutengeneza miguu ya bandia, mpaka 2006 ilipokabidhiwa serikali ya Kenya.

Kanuni za upasuaji wa vita zinazofuatwa na shirika hilo hazitegemei mashine za ajabu. Jeraha la risasi husafishwa na nyama iliyokufa hukatwa, lakini halishonwi siku hiyo hiyo. Huachwa wazi chini ya bandeji kavu, kisha baada ya siku nne au tano, likiwa safi, ndipo hufungwa. Mifupa hutulizwa zaidi kwa plasta na kwa kuvutwa kwa uzito, kuliko kwa vyuma vya ndani ambavyo jeraha chafu lingevigeuza kiota cha usaha. Njia kama hizo hutegemea uuguzi wa saa 24. Mpasuaji akimaliza saa yake moja, zinabaki wiki kumi za muuguzi.

Plasta katika joto na vumbi

Plasta mpya hutoa joto inapogandama. Hilo lisikutishe, hupoa baada ya muda mfupi. Lakini kukauka kabisa huchukua siku mbili au tatu. Hapo inashikwa kwa viganja, si kwa ncha za vidole, maana kila alama ya kidole ni kijishimo kitakachochoma ngozi ndani. Isifunikwe kwa blanketi. Kwetu Mombasa unyevu wa hewa huchelewesha. Hewa kavu ya Lodwar husaidia. Lakini Lodwar ina taabu yake: jasho na mchanga. Ngozi huwasha, na mgonjwa huchukua kijiti au sindano ya kufumia akajikuna ndani. Hapo ndipo kidonda huanza, nacho kitajulikana kwa harufu.

Mwambie mgonjwa wako: plasta isilowe maji, kitu chochote kisiingizwe ndani, mguu uinuliwe juu ya mito siku za mwanzo, na vidole vitikiswe kila saa akiwa macho. Arudi hospitali bila kungoja tarehe akiona vidole vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, ganzi, maumivu yanayozidi, harufu, homa, au plasta iliyolegea au kupasuka.

Wiki za kitandani

Mwenye paja lililovunjika, pasipo na uwezo wa kumtia chuma, huvutwa mguu kwa uzito. Ukimtembelea mgonjwa kama huyo, usiukalie uzito wala usiuinue "umpumzishe". Uzito uning'inie bila kugusa sakafu, kamba ipite huru, na miguu ya kitanda upande wa chini iinuliwe ili mwili uvutane na uzito.

Huko kitandani hatari hubadilika. Siku moja hadi tatu za mwanzo, mgonjwa akianza kuhema na kuchanganyikiwa, mafuta ya ndani ya mfupa huenda yameingia kwenye mapafu. Asidhaniwe kuwa ana mashetani. Baadaye huja damu kuganda miguuni, kifua kujaa, choo kufunga, na vidonda vya kulalia kwenye visigino na juu ya makalio. Dawa za mambo haya ni za bei nafuu lakini zinataka mikono: kumsogeza na kuangalia ngozi yake kila saa mbili, kumkausha, kumpumuisha kwa nguvu, kumnywesha maji, kumchezesha mguu ulio mzima. Chakula nacho ni tiba: maziwa, samaki wa ziwa, maharagwe, mayai. Sigara na tumbako huchelewesha mfupa kuunga.

Kwa mgonjwa Muislamu, muuguzi aliye karibu naye ampunguzie dhiki ya ibada. Wapo wanaoacha sala wiki nzima kwa kudhani plasta imewazuia, na wapo wanaoilowesha plasta kwa udhu. Dini imetoa ruhusa: kupaka maji juu ya bandeji, kutayamamu, kusali kwa kukaa au kulala. Namna yake aulizwe sheikh, na wadi iwe na nafasi ya sheikh kuingia. Mgonjwa aliyetulia moyo hula, hulala na hufanya mazoezi.

Kurudi nyumbani

Kwa hesabu ya jumla, mkono wa mtu mzima huchukua kiasi cha wiki sita kuunga na mguu kiasi cha wiki 12, wakati mwengine zaidi. Mtoto huchukua karibu nusu ya hapo. Kuunga lakini si kupona. Goti lililolala miezi mitatu limekakamaa na msuli umepungua, kwa hivyo mazoezi ni lazima. Magongo yapimwe: uzito ubebwe na viganja, si makwapa, la sivyo mishipa ya fahamu ya mkono itaumia. Kwenye mchanga wa Lodwar magongo huzama. Kipande kipana cha mpira wa tairi chini ya gongo husaidia.

Nani alipe, nani aajiriwe?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Jisajili ukiwa mzima na umsajili mtoto aliye mbali, maana siku ya ajali si siku ya kutafuta nambari za siri.

Lakini bima hailindi vidole usiku. Fanya hesabu nami. Muuguzi mmoja ana wagonjwa 6 wa plasta mpya, kila mmoja anahitaji dakika 5 kila saa. Hiyo ni nusu ya kila saa imekwenda, kabla hajatoa dawa, hajabadilisha dripu, hajampokea majeruhi mpya. Ukimwachia wadi nzima peke yake, basi umeshaamua kwamba mguu mmoja hautaangaliwa. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na mwaka 2017 tuliona wauguzi wakigoma karibu miezi mitano. Viongozi, kuanzia Turkana hadi kwetu Pwani, hupenda kupigwa picha mbele ya mashine mpya ya eksirei. Mashine itakuonyesha mfupa umevunjika wapi. Haitakuita saa nane za usiku kukwambia vidole vya mtoto vimekuwa baridi.

Kwa hivyo wakati wa bajeti, tuwaulize wawakilishi wetu swali moja jepesi: wadi ya mifupa ina wauguzi wangapi usiku? Na wewe uliye na mgonjwa, usikae ukingoja kuulizwa. Shika vidole vyake, uone joto lake, mwambie avitikise. Ukiona vimebadilika, mwite muuguzi, na usione haya kumwita mara ya pili.